Picha Zilizobaki Ndani ya Simu Iliyokufa

Siku hizi ushahidi mwingi wa mfanyakazi umo katika simu yake: picha ya hati ya mshahara, ya mkono uliokatwa na mashine, ya karatasi za mzigo zilizogongwa mhuri mpakani Kasumbalesa. Simu ikizima isiwake tena, madai nayo hudhoofika. Tungependa kueleza nini kinawezekana.

Kabla ya kumlipa fundi yeyote, ingia katika akaunti yako ya Google au Apple kwa simu nyingine. Huenda picha zilikwisha kuhifadhiwa huko bila wewe kujua.

Zisipokuwapo, wengi hudhani kwamba fundi hodari atang'oa kipande cha kumbukumbu na kukisoma kwenye mashine yake. Kwa simu za zamani iliwezekana. Lakini iPhone za miaka hii, na kila simu iliyotoka kiwandani na Android 10, toleo la mwaka 2019, au na toleo la baadaye, huhifadhi picha kwa maandishi ya siri. Ufunguo wake umefungwa katika prosesa ya simu hiyo hiyo, nao hutegemea namba ya siri ya mwenyewe. Kipande kikitenganishwa na prosesa yake hakisomeki.

Kwa hiyo kazi ya fundi ni kuifufua bodi ile ile, hata kwa saa moja tu, picha zihamishwe. Mara nyingi kilichokufa ni betri, tundu la chaji au kioo, na kumbukumbu ni nzima. Kioo cha kuazima chaweza kutosha. Simu iliyoingia maji isiwashwe wala kuchajiwa; na mchele tuuache jikoni, kwani mwaka 2024 Apple yenyewe ilionya kuwa chembe zake zaweza kuiharibu simu.

Mwambie fundi mapema, tena mbele ya shahidi: asibadilishe bodi, na asiflashi. Kuflashi kwa kawaida hufuta kila kitu, na ufunguo ukipotea hakuna awezaye kuzisoma picha hizo. Programu zinazouzwa kwa ahadi ya kurudisha picha za simu isiyowaka kabisa ni za kula fedha zako tu.

Kama picha zilikuwa kwenye memori kadi, itie katika simu nyingine. Ila kadi iliyounganishwa kuwa sehemu ya kumbukumbu ya ndani itasomeka katika simu yake tu.

Picha ya ajali kazini, mpelekee katibu wa tawi siku ile ile.