Waroma, sisi, na mukuba ya pesa



Mtoto wangu wa sekondari alirudi na somo la Waroma: barabara, majeshi, pesa yao ya mukuba. Nikamuuliza: na hapa kwetu, nani alianza kuchimba mukuba? Akajibu mbio: Union Minière. Ile jibu iliniuma. Union Minière ilizaliwa 1906. Jules Cornet, fundi wa mawe kutoka Ubelgiji, alipopita Katanga mwaka wa 1892, alikuta mashimo ya wenyeji yamekwisha kuchimbwa.

Wale wachimbaji wa zamani Wafaransa wanawaita "mangeurs de cuivre", ni kusema wakula-mukuba. Walifanya kazi wakati wa kipwa, mavuno yakiisha. Walichimba jiwe la kijani, malakiti, wakachoma makala, wakajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapuliza moto na mivukuto ya ngozi. Mukuba ikiyeyuka, wanaimwanga ndani ya kiolezo. Msalaba njo ulitoka pale. Ni ule ule tuliouona kwenye bendera ya Katanga, mitatu.

Sasa sikieni ya makaburi. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, Lualaba yetu ikishuka, Jacques Nenquin alianza kufukua mwaka wa 1957. Pierre de Maret akarudia kazi mwaka wa 1974. Kule chini hakuna mukuba. Ilitoka huku kusini, kwenye ukanda wetu. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni michache. Katika yale yaliyofuata inakuwa midogo, tena mingi, imewekwa karibu na mikono na kiuno cha marehemu. Wataalamu wanaona kwamba pale ilikwisha kuwa pesa.

Na Waroma? Vile vile! Pesa yao, as, ilianza kuwa kipande kizito cha shaba nyeusi, karibu gramu 320. Karne ya 1 mbele ya Kristo ilibaki kama gramu 13. Pesa inapungua uzito, watu wanaendelea kuihesabu. Sisi wa mshahara tunaijua ile hadithi.

Tofauti moja: Waroma waliandika. Yetu imeandikwa ndani ya udongo tu, na ule udongo tunaupiga kila siku na pelleteuse na pikoshi.

Mwaka jana kijana mmoja, creuseur, aliniambia kwamba ameokota msalaba mzima, mrefu kama mkono wake. Nikamwomba auweke, tuupeleke musée ya Lubumbashi, ao hata kwa chifu kwanza. Nilitoka kazini nikaenda kwake siku mbili nyuma. Alikuwa amekwisha kuuweka juu ya mizani ya depo. Walimlipa kwa kilo, sawa chuma cha kutupa.