Supu ya Tungule kwa Mtoto Aliyetoka Kuugua

Mzazi wa Bwejuu, mtoto wako alikuwa na homa. Sasa homa imeondoka, lakini mtoto hataki kula. Mpikie supu ya tungule. Inamfaa mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuendelea.

Tayarisha tungule 4 zilizoiva, kitunguu 1, mbatata 2, kipande cha samaki na kikombe 1 cha tui la nazi.

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha tungule kwa maji safi. Iliyooza itupe.

2. Menya mbatata na kitunguu. Katakata vyote pamoja na tungule. Tia maji vikombe 3, uchemshe mpaka mbatata ziive.

3. Tia samaki. Akiiva mtoe, ondoa miba yote, kisha mrudishe.

4. Ponda vyote kwa mwiko. Tia tui, koroga, uchemshe tena.

Je, utamchujia mtoto maji ya supu tu? La! Maji yatajaza tumbo, na chakula kitabaki sufuriani. Samaki hujenga mwili. Mbatata na tui hutia nguvu. Tungule ina vitamini C, ambayo husaidia mwili kupata madini ya chuma yanayotengeneza damu.

Mlishe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Anayenyonya aendelee kunyonya. Supu iliyolala usimpe.

Homa ikirudi, au akikataa hata kunywa, usingoje. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.