Supu ya Vitunguu: Saa Moja Jikoni, Wewe na Yeye

Ukweli ni kwamba nilianza kuipika kwa wivu. Mume wangu alirudi kutoka safari ya kikazi Paris, na kwa wiki mbili nzima habari ikawa supu tu. Si mnara, si mto, supu! Tena supu yenyewe ya vitunguu. Mimi ambaye kila Jumamosi nachemsha makongoro mpaka jirani anachungulia dirishani, sijawahi kusifiwa hivyo hata siku moja. Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuionja, ngoja nikueleze. Wafaransa wanakata vitunguu vingi, wanavipika taratibu kwenye siagi mpaka vinakuwa vya kahawia na vitamu, halafu wanamiminia supu ya mifupa ya ng'ombe. Juu wanaweka kipande cha mkate mkavu na jibini, bakuli zima linaingia kwenye oveni mpaka jibini liyeyuke na kushika madoa ya kahawia. Wenyewe wanaiita gratinée.

Na usidhani ni chakula cha kitajiri. Ilipata umaarufu kwenye soko la Les Halles, katikati ya Paris, lile ambalo Émile Zola aliliita tumbo la Paris katika riwaya yake ya mwaka 1873. Wapagazi na wachuuzi walioshusha mizigo usiku wa manane waliinywa kujipasha moto, na pembeni yao walikaa mabwana na mabibi waliotoka kwenye starehe zao. Si unaijua ile supu na chapati ya alfajiri hapa Dar, dereva wa lori na jamaa aliyetoka disko wanabanana benchi moja? Basi ndiyo hiyo hiyo. Soko lilihamishiwa Rungis, nje ya jiji, mwaka 1969, lakini mgahawa wa Au Pied de Cochon, uliofunguliwa mitaa hiyo mwaka 1947, bado upo na supu bado ipo. Huko ndiko alikoila huyu wangu.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Nilitoka kazini saa kumi na mbili, foleni ikanila mpaka saa mbili usiku. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema vitunguu vinaiva kwa dakika kumi na tano. Mimi ni mtoto wa Tanga bwana, vitunguu vya biriani nimevikaanga tangu sijajua kufunga kanga vizuri: mafuta mengi, moto mkali, ukigeuka kidogo vimeungua. Nikafanya hivyo hivyo. Supu ikatoka chungu, na vitunguu vikaelea juu kama majani makavu. Alikula kimya, akasema "nzuri". Ile "nzuri" ya mwanaume anayetafuta amani. Tukalala kila mtu kageukia ukuta wake.

Baadaye ndio nikajua kwamba siko peke yangu. Mwaka 2012 mwandishi wa Kimarekani, Tom Scocca, aliwashambulia waandishi wa mapishi katika jarida la Slate kwa uongo huu huu wa dakika kumi. Kitunguu, karibu sehemu tisa kati ya kumi ni maji. Maji hayo yakiwa bado yamo, sufuria haipandi sana kupita joto la kuchemka, na sukari ya kitunguu haiwezi kugeuka kahawia. Ukilazimisha kwa moto mkali, kingo zinaungua wakati katikati bado kubichi. Vya biriani tunavitaka vikauke na kuvunjika. Hivi vya supu vinatakiwa viyeyuke. Ni kazi mbili tofauti kabisa, na ujuzi wangu wa Tanga ndio ulioniponza.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikamwambia, "Wewe ndiye uliyeileta hii supu humu ndani, shika mwiko."

Tulikata kilo moja ya vitunguu, vile vyekundu vya Mang'ola, vipande vyembamba. Wafaransa hutumia vya njano. Vyekundu vinatoa supu nyeusi kidogo, lakini ladha ipo. Siagi halisi ya maziwa vijiko viwili vikubwa (si majarini tafadhali), kijiko kimoja cha mafuta, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, ambayo inasaidia kutoa maji. Sufuria iwe nzito. Dakika kumi na tano za mwanzo unafunika, moto mdogo. Ukifunua vimelala vyote, vinang'aa, vimeshuka mpaka nusu. Hapo unaacha wazi na kukoroga kila baada ya dakika mbili tatu. Chini kunaanza kutengeneza ukoko mwembamba. Usiuogope, tia kijiko cha maji, ukwangue, uchanganye. Rangi yote inatoka humo. Kuna wanaotia chembe ya magadi soda ili kuharakisha. Kweli inaharakisha, ila vitunguu vinakuwa uji.

Sasa hebu fikiria, watu wawili wamesimama mbele ya sufuria moja kwa saa nzima. Televisheni iko sebuleni. Simu huwezi kushika, mikono inanuka. Tulianza na umbea wa ofisini kwangu, tukaja kwenye ada za shule. Kama dakika ya arobaini hivi, vitunguu vimefikia rangi ya chai ya maziwa, akaniambia bila kuniangalia kwamba mkataba wake kazini hautaongezwa. Alikuwa anajua tangu kabla ya safari. Ndio nikaelewa kwa nini hiyo supu ilimkaa hivyo: aliila saa nane za usiku, peke yake, kwa sababu usingizi ulikataa.

Nilitaka kugomba. Zaidi ya mwezi mtu kanificha! Lakini vilikuwa vinaanza kushika chini, nikajikuta nasema, "Koroga kwanza." Akakoroga. Nikamwagia kijiko cha maji. Tukaongea.

Vikishafika rangi ya kahawia iliyokolea, na ile kilo yote imebaki kama kikombe kimoja na kidogo, nyunyiza kijiko kikubwa cha unga wa ngano, kaanga dakika mbili. Nusu kikombe cha mvinyo mweupe mkavu. Wa Dodoma unafaa kabisa. Asiyetumia pombe atie kijiko kimoja cha siki na maji kidogo. Kisha lita moja ya supu ya mifupa uliyoichemsha mapema, lakini safari hii usitie tangawizi wala ndimu, zitaua utamu wa kitunguu. Chemsha taratibu nusu saa, pilipili manga, onja chumvi.

Mkate: boflo la jana, vipande vinene, vichomwe mpaka vikauke kabisa, la sivyo vitayeyuka. Jibini la wenyewe ni Gruyère kutoka Uswisi, ila bei yake ni ugomvi mwingine. Sisi tulichanganya cheddar kwa ladha na mozzarella kwa kuvutika. Jibini la Njombe nalo ukilipata, litumie. Oveni yetu ilikuwa mbovu, kwa hiyo nilifanya kama alivyofanya bibi yangu kwenye keki: bakuli za udongo ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu, nikapalia makaa kwenye kifuniko. Dakika kumi tu.

Tulikula saa nne kasoro, barazani, hesabu za miezi sita ijayo zimeandikwa nyuma ya bahasha katikati yetu. Akaniuliza kama mkate umebaki. Mkate ulikuwepo. Jibini ndilo lilikuwa limekwisha.