Stockholm yaipangia barabara bei kwa saa, hewa yapata nafuu

Fungu la nyanya la asubuhi haliuzwi kwa bei ya jioni. Kila mchuuzi anajua kwamba saa hubadili thamani ya bidhaa. Barabara za mijini, hata hivyo, kwa muda mrefu zimetolewa kwa bei moja saa zote, na mara nyingi bila bei yoyote. Matokeo yake ni foleni, na foleni huzaa moshi.

Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, iliamua kuipangia barabara bei. Kuanzia Januari 3, 2006, magari mengi yaliyovuka mpaka wa katikati ya jiji, yakiingia au yakitoka, yalitozwa kulingana na saa. Katika saa za pilikapilika, yaani saa 1:30 hadi 2:30 asubuhi na saa 10:00 hadi 11:30 jioni, tozo ilikuwa krona 20. Muda mfupi kabla na baada ya hapo ilishuka hadi krona 15, na mchana krona 10. Usiku na mwisho wa wiki hapakuwa na malipo, na gari moja halikutozwa zaidi ya krona 60 kwa siku. Kamera zilisoma namba za magari, hivyo hakuna aliyesimamishwa.

Magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Muda wa kukaa kwenye foleni katika njia za kuelekea katikati ya jiji ulipungua kwa kati ya theluthi moja na nusu. Sababu ni kwamba barabara iliyojaa hukwama kwa magari machache ya ziada; wachache wakiondoka, wengi hupita. Aidha, gari linalokwenda bila kusimama-simama hutumia mafuta kidogo na kutoa moshi kidogo.

Utafiti wa wanauchumi, akiwemo Janet Currie, ulionyesha kuwa uchafu wa hewa katikati ya jiji ulipungua kwa asilimia 5 hadi 15, na watoto wadogo waliougua pumu ghafla wakapungua. Nafuu hiyo ya kiafya haikuja siku moja; iliongezeka kadiri tozo ilivyodumu.

Wenye maduka walihofia kupoteza wateja. Uchunguzi wa mauzo wakati wa majaribio haukuona hasara iliyotokana na tozo. Jiji nalo lilijiandaa mapema: mabasi mapya karibu 200 yaliingizwa barabarani kabla ya tozo kuanza, ili anayeacha gari nyumbani apate usafiri.

Majaribio yaliposimama Julai 31, 2006, magari mengi yalirudi. Septemba mwaka huo, wengi wa wapiga kura wa jiji waliikubali tozo, ingawa katika manispaa jirani zilizopiga kura wengi waliikataa. Tozo ilirejeshwa moja kwa moja Agosti 1, 2007, na viwango vikapandishwa Januari 2016.

Somo kwa wafanyabiashara liko kwenye ratiba. Tanzania na Kenya hutoza fedha za barabara ndani ya bei ya mafuta. Njia hiyo hukusanya mapato, lakini lita iliyochomwa saa nane usiku hulipa sawa na iliyochomwa ndani ya foleni ya asubuhi. Haimpi mwenye lori sababu ya kubadili saa.

Tozo ya saa humpa sababu hiyo. Anayeweza kupeleka mzigo mchana hupunguza gharama, na asiyeweza hulipa zaidi lakini hufika mapema. Mzigo mzito humwangukia asiyechagua saa yake ya kazi wala hana basi la kupanda. Jiji lisiloongeza mabasi kwanza litakuwa limepandisha nauli tu.