Hesabu ya Kutishia Katika Karata

Watu wengi hudhani kwamba katika poka ya watu wawili ashindaye ni yule ajuaye kuficha uso wake. Sivyo. Ndani yake mna hesabu, na mwanafunzi aliyekwisha jifunza sehemu aweza kuifahamu. Mwaka 1950 Mmarekani mmoja, Harold Kuhn, bingwa wa hisabati, alieleza poka ndogo kabisa, nayo ni hii.

Chukueni karata tatu tu: ya mbili, ya tatu na ya nne za kopa. Tuziite ndogo, ya kati na kubwa. Badala ya fedha tumieni punje za mahindi. Kila mchezaji huweka punje moja katikati, kisha hupewa karata moja. Ya tatu hulazwa kifudifudi. Wa kwanza aweza kuongeza punje moja, au kunyamaza. Akiongeza, mwenzake ama hulipa punje moja karata zifunuliwe, ama hujitoa na kuziacha punje zote. Akinyamaza, mwenzake naye aweza kunyamaza, karata zikafunuliwa. Au kuongeza, na hapo ni zamu ya wa kwanza kulipa au kujitoa. Zikifunuliwa, mwenye karata kubwa kuliko mwenzake huchukua zote.

Basi tuseme wewe ni wa pili, na mwenzako amenyamaza. Ukiwa na kubwa, ongeza daima. Ukiwa na ya kati, nyamaza, maana mwenye ndogo hatakulipa, na mwenye kubwa atakulipa akushinde. Je, ukiwa na ndogo? Usipotishia kamwe, mwenzako mwenye ya kati atajitoa kila uongezapo, na karata yako kubwa haitakuletea ziada. Ukitishia kila mara, atalipa kila mara, nawe utaliwa. Iliyo sawa ni kutishia mara moja katika kila mara tatu upatapo ndogo.

Tuhakikishe. Mwenzako ana ya kati. Katika michezo sita, kwa wastani utakuwa na kubwa mara tatu na ndogo mara tatu. Utaongeza mara nne: tatu za kweli, moja ya uongo. Akilipa zote nne, mara tatu atapoteza punje moja moja, na mara moja atapata zile punje tatu za katikati. Alipe asilipe, ni mamoja kwake.

Lakini usifuate zamu, maana atakugundua. Tazama mshale wa sekunde wa saa: ukiwa katika sekunde 20 za kwanza za dakika, tishia, la sivyo, nyamaza.

Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba kompyuta imefumbua karibu kabisa aina moja ya poka ya watu wawili yenye karata 52. Nayo pia hutishia kwa kipimo.

Liko jambo moja la kukumbuka. Hesabu ya Kuhn yaonyesha kwamba wote wawili wakicheza bila kosa lolote, wa kwanza hupoteza kwa wastani punje 1 katika kila michezo 18. Uhodari wake wote haumwokoi. Na katika nyumba za kamari mwenyeji naye kwa kawaida hukata fungu lake. Kwa hiyo chezeni kwa mahindi, mjifunze hesabu. Punje zikipotea, zaokotwa ghalani. Ada ikipotea, mtoto hurudi nyumbani.