Mchezaji wa akiba akiumia, usimhimize arudi

Msomaji, ikiwa wewe ni shabiki wa kandanda mjini Garissa, huenda umeona kisa hiki: mchezaji wa akiba anaingia, anakimbia mara mbili tatu, kisha anashika nyuma ya paja na kuanguka. Mashabiki wanalalamika kwamba timu haina akiba mwingine, na wanamtaka ainuke.

Chanzo ni nini? Aghalabu ni kukaa kitako muda mrefu, kisha kutimua mbio ghafla. Joto la Garissa hupita nyuzi 35, lakini joto la hewa pekee haliandai misuli. Ni lazima mchezaji apashe mwili moto kwa kukimbia polepole na kujinyoosha kabla ya kuingia.

Akiumia, atoke. Funga barafu kwa kitambaa, uiweke panapouma kwa dakika 15 hadi 20. Usimkande kwa nguvu wala kwa maji moto siku mbili za kwanza. Asipoweza kutembea, apelekwe hospitalini.

Msuli uliochanika kidogo hupona baada ya wiki chache. Mchezaji akilazimishwa kurudi mapema, huenda ukachanika zaidi, na timu ikamkosa kwa miezi. Kumbuka, kelele zako haziponyi msuli.