Namba 2,520 Haiachi Baki

Tuseme watu 10 wamelima shamba la pamoja. Wamevuna magunia 28 ya mahindi. Kila gunia lina kilo 90. Siku ya kugawana, kiongozi anasema: "Kila mtu achukue magunia 2. Yatakayobaki yatakaa stoo."

Watu wanapiga makofi. Lakini ngoja kwanza! Watu 10 mara magunia 2 ni magunia 20. Magunia 8 yamebaki. Je, hayo ni ya nani?

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Hebu tushike kalamu, tupige hesabu kwa kilo.

Magunia 28 mara kilo 90 ni kilo 2,520. Gawanya kwa watu 10. Kila mtu anapata kilo 252, wala hakibaki kitu. Kumbe kila mtu ana haki ya magunia 2 na kilo 72 zaidi!

Sasa itazame vizuri hiyo namba 2,520. Igawanye kwa idadi nyingine za watu:

Watu 2: kilo 1,260
Watu 3: kilo 840
Watu 4: kilo 630
Watu 5: kilo 504
Watu 6: kilo 420
Watu 7: kilo 360
Watu 8: kilo 315
Watu 9: kilo 280

Umeona? Hakuna baki popote. Ukihesabu kuanzia 1 kwenda mbele, 2,520 ndiyo namba ya kwanza inayogawanyika sawasawa kwa kila namba toka 1 mpaka 10.

Kwa nini iko hivyo? Namba hii ni 5 x 7 x 8 x 9. Ndani ya 8 mna 2 na 4. Ndani ya 9 mna 3. Zidisha 2 kwa 3, unapata 6. Zidisha 2 kwa 5, unapata 10. Basi zote zimo.

Mambo haya watu waliyajua zamani. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, huko Ugiriki, mwanafalsafa Plato aliandika juu ya mji wa kufikirika. Alitaka wenye ardhi wawe 5,040, yaani 2,520 mara mbili. Sababu yake ni kwamba namba hiyo hugawanyika kwa urahisi.

Sasa ongeza kilo 1 tu, ziwe 2,521. Mambo yanageuka! Gawanya kwa watu 2, baki ni 1. Kwa watu 3, baki ni 1. Mpaka watu 10, baki ni lile lile 1. Namba hii hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Namba za namna hiyo huitwa namba tasa.

Mara nyingi mavuno yetu huacha baki, na hilo si kosa. Kosa ni kunyamaza. Kabla ya kuondoka mkutanoni, uliza:

1. Jumla ni kilo ngapi?
2. Kila mtu anapata kilo ngapi?
3. Baki ni kilo ngapi, na limeandikwa wapi?

Zoezi: Watu 8 wamevuna magunia 30 ya kilo 90. Kila mtu apate kilo ngapi? Baki ni kilo ngapi?

(Jibu: Kila mtu kilo 337. Baki ni kilo 4.)